Paa la Baba

Mwanangu ni mpishi. Nalitanguliza hilo kwa sababu hapa Mbulumbulu walimcheka nalo miaka mingi. Mwanamume mzima, mzee wa kanisa, anavaa aproni na kukaanga pankeki za wageni kule kambini, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro! Wenzake aliokua nao wakawa madereva wa watalii, wanatembea Karatu na miwani ya jua kichwani hata siku ya ukungu. Yeye ana sanduku lake la sufuria na mwiko. Siku moja walimtania mbele ya watu harusini, naye akawajibu, "Dereva akikosea, wageni wanachelewa. Mimi nikikosea, wageni wanaharisha. Sasa nani kati yetu ameshika roho za watu?" Harusi nzima ikacheka, na mimi mama yake nikainua shingo kama twiga.

Naringa naye, sifichi. Nimezaa watoto sita, na wote nawapenda, lakini huyu wa nne ndiye ninayekaa kwake na ndiye aliyenifundisha kitu uzeeni. Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu tu, kuzungusha maneno sijui. Nitaandika jambo moja alilolifanya, kwa kuwa nililiona kwa macho yangu na mpaka leo nikilikumbuka mwili unanisisimka. Na katika jambo hilo, aliyekosea ni mimi.

Mke wake alifariki binti yao akiwa na miaka sita. Watu walimletea majina ya wanawake, mimi mwenyewe nilimletea mawili. Akasema, "Mama, subiri kwanza." Nasubiri hadi leo. Akajifunza kusuka nywele. Hebu fikiria, mwanaume wa Kiiraqw, mikono mipana ya kushika jembe, amembana mtoto katikati ya magoti pale mlangoni, anamsuka twende kilioni, na mistari yenyewe imepinda kama barabara ya kupandia Ngorongoro. Mtoto analia, baba anambembeleza, "Vumilia mama, namalizia," na kumalizia kwenyewe hakuonekani. Humwita binti yake mama, kama baba wengi wafanyavyo, lakini yeye hulitamka kama mtu anayemwita mama yake kweli.

Tena alikuwa na namna yake ya kusali. Jioni, kabla ya chakula, wote tunakaa jikoni kuzunguka moto, yeye anasali huku anakoroga. Macho hafumbi. Nikamkemea, nikamwambia Mungu si rafiki yako wa sokoni. Akasema, "Mama, Mungu anajua ugali unaungua." Sala zake fupi. Ila mle ndani ya sala huwa anataja makosa yake, na anayataja mbele yetu sisi tuliokosewa. Mara ya kwanza nilikabwa na mate. Nimekaa zangu na sahani mapajani, nasikia, "Bwana, leo nimemjibu mama yangu kwa ukali, na alikuwa anauliza tu kuhusu jembe. Nisamehe. Mama, nisamehe na wewe." Nilitazama huku na huku nisijue niangalie wapi. Baba yangu hakuwahi kuniomba msamaha. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliniomba msamaha mara moja, na alikuwa mgonjwa wa homa.

Baba yangu nitamsema kidogo, maana ndiye aliyenitia kwenye kosa langu.

Baba yangu alikuwa katika wabatizwa wa mwanzo kwenye kilima chetu. Mtu wa sala, mtu asiyeiba hata mhindi mmoja wa jirani. Nilikuwa na dada mkubwa. Mimi nilikuwa bado mdogo, umri wa kuchunga ndama, siku ilipojulikana kwamba dada ana mimba na hana mume. Kwetu Wairaqw, tangu zamani za mababu, msichana wa namna hiyo hazalii chini ya paa la baba yake. Akizalia pale, nyumba imechafuka, na ardhi imechafuka. Majirani hawaji kuomba moto, hawaji kulima pamoja nanyi, mvua inakwepa, ng'ombe wanakauka maziwa. Hata maziwa ya nyumba ile msichana hatakiwi kuyanywa. Anatolewa, aende akazalie porini au kwa watu wa kabila lingine.

Asubuhi ile baba alisali, akatuombea wote kwa majina, na jina la dada akaliruka. Kisha akachukua fimbo, akatangulia, dada akamfuata na ngozi yake ya kulalia. Nilisimama kwenye zizi nikawaangalia wakishuka mpaka bondeni, mpaka wakaingia kwenye vichaka. Baba alirudi peke yake kabla ya mchana. Akakaa. Hakula siku ile wala kesho yake. Na jina la dada halikutajwa tena nyumbani mwetu, si na baba, si na mama, si na sisi. Tulisikia tu baadaye kwamba alipokelewa na Wadatoga huko mbali. Sikumwona tena.

Mimi nilikua nikiamini kwamba ndiyo hiyo. Baba mcha Mungu ni yule anayeweza kufanya jambo gumu na asigeuke nyuma. Nilimheshimu baba kwa lile. Nilimwogopa na kumheshimu, na vyote viwili nikaviita kitu kimoja.

Sasa nirudi kwa mjukuu wangu. Alifika miaka kumi na tisa, akawa anajifunza ushonaji Karatu mjini, amepanga chumba na wenzake. Mwezi wa sita akaja likizo. Amevaa sweta kubwa. Baridi ya Mbulumbulu mwezi wa sita inakata masikio, sweta si ajabu. Lakini mimi nimezaa sita. Nilimwona alivyoinama kuchukua ndoo, akiweka mkono kiunoni kwanza.

"Ya nani?" nikamwuliza.

"Nini, bibi?"

"Usinitanie. Ya nani?"

Akakaa chini palepale kwenye matope, akalia. Ilikuwa ya kijana dereva mwanafunzi, aliyemwahidi ndoa, na sasa simu yake haipatikani. Sina zaidi la kumsema kijana huyo. Nikisema nitaandika maneno yasiyofaa kwa mama wa kanisa.

Alimwambia baba yake mwenyewe, jioni, jikoni. Nilidhani mwanangu atapiga mtu au atavunja kitu. Aliweka mwiko chini. Akasema, "Nimesikia." Akatoka, akaenda nyuma ya zizi, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akamwuliza binti yake, "Umekula?" Basi. Asubuhi gari la kampuni lilikuja kumchukua, wageni wa siku kumi, na kule kambini simu hushika ikitaka. Akaondoka bila kuniambia neno kuhusu la kufanya.

Hapo ndipo nilipopotea. Ule ukimya nikausoma kama ukimya wa baba yangu. Nikasema moyoni, mwanangu anaumia, hawezi kuitoa damu yake mwenyewe, ameniachia mimi, kama wanaume wanavyotuachia siku zote kazi za aibu. Jirani yangu, mwanamke wa rika langu, akaja na kuongeza kuni motoni.

"Mwenzangu, unangoja nini? Unangoja azalie hapo chini ya bati?"

"Siku hizi ni za injili," nikamwambia, lakini sauti yangu haikuwa na nguvu.

"Injili haijui ng'ombe wangu. Mashamba yetu yamepakana. Ukichafuka wewe, nachafuka mimi."

Mwanangu ni mzee wa kanisa, nikawaza. Bati hili alilipandisha kwa jasho la moshi wa kambi. Atakuja kukuta majirani wamemwacha, nami nilikuwepo. Siku ya tatu nikamwita msichana. Nikampa blanketi mbili, unga, kisu na kiberiti, nikamwonyesha kwa kidole kibanda cha kulindia mahindi, kule chini kabisa ya shamba, karibu na msitu wa Hifadhi. Kibanda cha miti na nyasi, mtu mzima akilala miguu inatoka nje. Kule ndiko wanakotokea nyati, na mahindi yakikomaa, tembo.

Hakubisha. Alisema tu, "Baba anajua?"

Nikasema, "Anajua."

Huo uongo nimeutubu mara nyingi.

Siku saba alikaa kule. Mchana nilimwachia chakula kwenye kisiki katikati ya shamba, nikageuka. Maziwa sikumpelekea. Usiniulize nililalaje.

Siku ya kumi mwanangu akarudi, saa kumi jioni, amebeba sanduku lake begani kama kawaida, na mfuko wa machungwa. Msichana hupenda machungwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari."

"Mtoto yuko wapi?"

"Nimemtoa."

Akawa kama hajasikia. Akaangalia ndani, akaangalia uani. "Umemtoa wapi?"

Nikaonyesha kwa kidole, vilevile kama nilivyomwonyesha msichana. Aliangalia kile kibanda kule chini, na msitu umesimama nyuma yake, mweusi, ukungu unaanza kushuka. Nilimweleza haraka haraka: nyumba, majirani, ng'ombe, desturi, heshima yake. Nikamtaja baba yangu. Nikasema, "Babu yako alifanya hivyohivyo kwa mwanawe, na alikuwa mtu wa Mungu."

Akaniambia kwa upole, na upole ule ulinichoma kuliko kofi, "Mama, babu aliishi miaka mingapi baada ya hapo?"

"Mingi."

"Uliwahi kumsikia akiimba?"

Baba yangu aliacha kuimba. Kanisani alisimama na kitabu wazi, na midomo imefungwa, mpaka tukamzika. Sikuwahi kuyaweka hayo mawili pamoja.

Alishuka shambani na mfuko wa machungwa. Mimi nilikaa kizingitini nikingoja. Nilijua atarudi naye, na nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kukataa. Lakini alirudi peke yake. Moyo wangu, Mungu anisamehe, ulitulia kidogo.

"Amekataa kuja," akasema. "Anasema atatuchafulia nyumba. Anasema bibi amemwambia ng'ombe watakauka. Amelia, nimemsihi, hataki. Siwezi kumkokota kama mbuzi."

"Basi," nikasema, "umefanya uwezavyo."

Aliingia chumbani kwake. Nikasikia kitanda kinasogezwa. Akatoka na godoro limekunjwa kichwani. Akaliteremsha shambani. Akarudi. Akachukua jiko la mkaa, taa, turubai la kambini, Biblia, kitabu cha nyimbo. Akashusha. Akarudi. Akachukua sanduku lake la sufuria.

"Unafanya nini wewe?" nikamwuliza.

"Nahama, mama."

"Unahamia wapi?"

"Hapo chini. Desturi inasema asizalie kwenye nyumba ya baba yake. Baba yake ni mimi. Nitakapolala mimi, hapo ndipo nyumba ya baba yake." Akalinyanyua lile sanduku begani. "Waje wanitoe na mimi."

Nikabaki na nyumba ya bati, vyumba vinne, sakafu ya saruji, peke yangu kama mbegu ya boga kwenye debe.

Jioni hiyo, saa ya sala, nilikaa jikoni kuzunguka moto na nafsi yangu. Nikasikia kuimba kunatoka shambani. Sauti mbili, ya baba nene, ya binti nyembamba inayokatika. Upepo wa kule kwetu hupanda kutoka msituni, ukaniletea kila neno mlangoni. Nilijaribu kusali peke yangu. Nikaanza, "Bwana," na sikuwa na la kuongeza.

Alifanya kazi nyingi kule. Alizungushia kibanda turubai, akakipanua, akachimba mfereji wa maji. Asubuhi harufu ya pankeki ikawa inapanda mpaka nyumbani. Pankeki! Jirani yangu alikuja na mtungi wake kichwani, akasimama kwenye mpaka.

"Mwenzangu, mwanao amefungua kempsaiti shambani?"

"Muulize mwenyewe."

"Nimemwuliza. Ananiambia karibu brekfasti!" Akaangua kicheko, kisha kikamkauka. "Mzee wa kanisa analala na nyani. Watu wanasema amerogwa."

"Hajarogwa," nikasema. Ni neno la kwanza nililosema upande wake, na nilishangaa lilivyotoka kwa ukali.

Jumapili alikwenda kanisani na binti yake. Wakatembea mbele ya nyumba yangu, yeye ameshika mkono wa binti kwa sababu njia ina utelezi. Kanisani kwetu msichana wa namna hiyo ametengwa, hukaa benchi la mwisho karibu na mlango hadi siku atakaporudi kundini mbele ya washarika. Na wazee wa kanisa hukaa mbele, pembeni mwa madhabahu, wameutazama umati. Mimi nilikaa katikati na kina mama. Nilimwona mwanangu akiingia. Akalifikia benchi la mwisho, akakaa. Mwinjilisti akamwashiria kwa kichwa aje mbele. Akatikisa kichwa. Mwinjilisti akaashiria tena. Watu wakaanza kugeuka, benchi kwa benchi, kama ngano inavyoinama upepo ukipita.

Akasimama, akasema, si kwa sauti kubwa, "Niko hapa na binti yangu. Endeleeni na ibada."

Sikugeuka. Shingo yangu ile ya twiga ilikuwa imekazwa kama imepigwa msumari. Lakini wimbo ulipoanza nilimsikia. Alikuwa anaimba kuliko wote.

Kilichonimaliza kilikuja Jumanne, alfajiri, nuru inaanza. Nilitoka kukamua. Mbwa walikuwa kimya, wamejificha chini ya gari la kukokota. Mbwa wakinyamaza vile, kitu kikubwa kipo. Nikatazama chini. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mahindi kama maziwa kwenye bakuli, na ndani ya ukungu walisimama tembo. Niliwahesabu wanne, kisha migongo mingine nyuma, nikaacha kuhesabu. Hawakutoa sauti. Masikio tu yanakwenda, taratibu, taratibu. Walikuwa kati ya msitu na kibanda, karibu na kibanda kiasi ambacho mtu angerusha jiwe akawapata.

Mwanangu alitoka na soksi bila viatu. Mkono mmoja sufuria kubwa ya wageni, mkono mwingine upawa. Hakukimbia huku wala huku. Alisimama mbele ya mlango wa kile kibanda, akaanza kupiga sufuria na kuimba. Ngo! Ngo! Ngo! Wimbo wa kanisani, ule wa asubuhi, ubeti kwa ubeti, bila kuruka. Alikuwa mdogo kule chini. Mbele ya wanyama wale alikuwa kama kisiki. Tembo mmoja, jike kubwa, alipiga hatua kuja kwake, akainua mkonga akanusa hewa, na mwanangu akaingia ubeti wa tatu.

Nilipiga magoti kwenye samadi. Nilimwona baba yangu akishuka bondeni na fimbo, mgongo wake. Na nikamwona mwanangu, uso wake umeelekea hatari na mgongo wake umeelekea mtoto. Nikasema, Mungu wangu, basi baba ni huyu. Nimezaa mtu ambaye simfahamu.

Yule jike alisimama muda, masikio yakipunga. Kisha akageuka, kama mama mkubwa aliyekuta mkutano haumfai, na wengine wakamfuata. Ukungu ukawameza mmoja mmoja. Mwanangu hakuacha kuimba mpaka ubeti wa mwisho. Halafu akakaa chini ghafla, na upawa ukamwanguka.

Nilikamua. Nusu ya maziwa ilimwagika kwenye kwato za ng'ombe. Yaliyobaki nikayamimina kwenye kibuyu, nikakifunga, nikateremka shambani na kibuyu mkononi. Jirani yangu alikuwa ametoka nje kwa zile kelele. Akaona kibuyu. Akaelewa.

"Mwenzangu, unakwenda wapi na maziwa hayo?"

"Kunywesha mtu."

"Ya nyumba yako? Usije ukasema sikukuonya!"

"Nenda kakamue ng'ombe wako kabla hawajakauka."

Nilimkuta mwanangu bado amekaa kwenye nyasi zenye umande, soksi zimelowa, na binti yake amemfunika blanketi mabegani. Msichana aliponiona akasimama kwa shida, tumbo limekuwa kubwa kwa siku chache zile. Akarudi nyuma hatua moja. Mimi bibi yake, niliyembeba mgongoni, ananikimbia.

Nilimpa kibuyu. Hakukipokea.

"Bibi, ni ya nyumbani?"

"Ya nyumbani."

"Na ng'ombe je?"

"Kunywa."

"Bibi, wakikauka?"

"Wakikauka tutakunywa chai ya rangi. Kunywa, mwanangu."

Akanywa. Alikunywa kama mtu aliyetoka jangwani, maziwa yakamtiririka kidevuni, na baba yake akainamisha kichwa juu ya magoti na mabega yakawa yanatikisika. Sikumtazama. Mtu ana haki ya mabega yake.

Alipomaliza nikamwambia, "Sasa twende nyumbani."

"Nitaichafua, bibi."

"Ikichafuka tutadeki."

Mwanangu ndiye aliyecheka kwanza, kicheko kilichochanganyika na kamasi, akajifuta kwa mkono wa sweta. Tukapanda shamba watatu. Mimi nilibeba taa na kitabu cha nyimbo, yeye godoro. Sanduku la sufuria tulirudi kulichukua baadaye. Mlangoni msichana alisita, ameinua mguu kama anayeogopa maji ya baridi. Nikaingia kwanza, nikageuka, nikamshika mikono yote miwili na kumvuta ndani.

Jioni hiyo tulikaa jikoni kuzunguka moto. Mwanangu anakoroga, macho wazi. Akasali, na katika makosa yake akataja kwamba siku ile aliondoka kwenda kazini bila kutuambia neno, akaficha uchungu wake akatuacha gizani. Msichana akataja yake. Hawakunitazama. Moto ulipasuka-pasuka. Nimesali miaka sabini, lakini sala ya namna ile nilikuwa sijawahi.

Nikasema, "Bwana, nilimtoa mtoto nyumbani, nikamdanganya kwamba baba yake anajua. Nisamehe." Nikawageukia. "Na wewe, mwanangu, nisamehe. Na wewe, mama."

"Amina," akasema mwanangu. "Leteni sahani, ugali unaungua."

Alijifungua mwezi wa tisa, asubuhi, chumbani kwa baba yake, kwa kuwa uchungu ulimkimbiza na gari la kwenda Karatu lilichelewa. Mimi ndiye niliyemzalisha. Mwanangu alikuwa jikoni anachemsha maji na kuimba, akisahau maneno, anarudia ubeti uleule. Mtoto alipolia akanyamaza. Akaja mlangoni na aproni yake. Nikamwekea mtoto mikononi, hata sijamwosha vizuri, chini ya bati lake mwenyewe. Aliangalia juu, kwenye paa, kisha akamwangalia mtoto.

Ng'ombe mmoja alikauka kweli mwaka ule. Alikuwa mzee, kama mimi. Jirani yangu alinikumbusha, na mimi nikamkumbusha umri wa ng'ombe. Mvua za vuli zilichelewa kidogo kisha zikaja. Siku ya kupalilia yeye ndiye aliyetangulia kufika kwetu na jembe, akiwa amenuna, akauliza kama pankeki zipo.

Jina la mtoto alilichagua mwanangu. Aliniuliza mbele ya wote, "Mama, dada yako aliitwa nani?" Ulimi ulikuwa mzito, kwa maana tangu asubuhi ile niliposimama zizini nilikuwa sijalitamka. Nikalisema. Wakalirudia, mwanangu, kisha binti yake, wakalionja.

Sasa mtoto anatembea. Jina lile ambalo baba yangu aliliruka katika sala huitwa uani kwetu mara ishirini kwa siku, kwa sauti, hasa anapoingiza mikono kwenye ndoo ya unga. Na ninayeliita kwa kelele kuliko wote ni mimi.